Dorika Kavetsa, Fundi wa Vioo vya Mashine

Haya yanasomwa nyumbani kijijini, siku ya mazishi, na binti yake, Valentine. Maneno ni ya mumewe, Zakaria Shivachi, ambaye hakwenda shule na hajui kushika kalamu. Kulikuwa na karatasi nyingine iliyoandikwa na kamati ya mazishi. Ilisema marehemu alikuwa mama wa nyumbani na mfanyabiashara mdogo. Shivachi aliichana. Waliokuja kusikia hiyo wamekosa.

Dorika Kavetsa alizaliwa tarehe 3 Mei 1959, Shinyalu, Kakamega, mtoto wa tatu wa marehemu Yohana Lumbasi na marehemu Rasoa. Alizaliwa shambani, mama yake akipalilia mahindi. Watu wakimsifu kwa bidii, yeye alikuwa akisema hana la kujivunia, alifika akakuta jembe tayari liko kazini.

Alisoma hadi darasa la nne, mwaka wa 1970. Akili alikuwa nayo. Mama yake aliugua, wadogo wakahitaji wa kuwalea, akatolewa yeye kwa kuwa ni msichana. Kaka zake waliendelea. Yeye hakuulizwa. Hilo lisemwe, maana wapo hapa watu waliozoea kusema Dorika hakusoma, kana kwamba shule aliikataa.

Aliolewa na Shivachi Desemba 1979. Januari 1981 wakaingia Nairobi, Kibera, mtaa wa Mashimoni, wakapanga kwa mzee Murjan, Mnubi mwenye nyumba, na hawakuhama tena. Shivachi alikuwa mwashi. Walipata Valentine na Elvis. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na pazia, na nyuma ya pazia hilo alilala Vincent, mdogo wake Shivachi, miaka yote aliyosoma chuo. Dorika ndiye aliyempikia na kumfulia. Vincent leo ni mwenyekiti wa kamati. Yuko hapa, amevaa suti. Asikie.

Dorika alifua nguo za watu. Akauza omena. Kuanzia mwaka wa 2008 alifagia ofisi mjini, na ofisi zikibadilisha kompyuta, zile kuukuu zilitupwa nje kama maganda ya ndizi. Aliomba, akapewa. Alizibeba hadi Mashimoni, akazifungua kwa bisibisi barazani kwa mzee Murjan, akapeleka bati na shaba Kawangware kwa watu wa vyuma chakavu. Lakini ndani ya kila kompyuta kuna kisanduku kinachoweka kumbukumbu, na ndani ya kisanduku kuna kisahani chembamba, kina tundu katikati, kinang'aa kushinda kioo cha dukani. Visahani hivyo hakuviuza. Kimoja alikitundika mlangoni kwa msumari, akifunga kitambaa anajitazama. Shivachi naye alinyolea ndevu hapo. Pua yake ilikuwa inapotelea kwenye tundu, na siku ya kwanza alijikata mdomo wa juu. Dorika alicheka mpaka akaketi chini.

"Baba Valentine, sogeza kichwa! Unanyoa msumari!"

Mwaka wa 2016 alikuja Oluoch, kijana wa Kawangware mwenye karakana upande wa Riruta Satellite. Alikuwa na mashine ya leza, ile inayokata mbao kwa mwanga mkali usioonekana kwa macho. Ndani yake kuna vioo vitatu vinavyoupokezana mwanga huo na kuupeleka kwenye mbao. Kioo kimoja kikiharibika, mashine ni meza tu. Oluoch alikuja kutafuta mota ndogo. Akasimama mlangoni, mota akaisahau.

"Mathee, hii kioo umetoa wapi?"

"Kwa kompyuta. Na haiuzwi, mzee ananyolea."

"Yangu imeungua. Nangoja ingine itoke ng'ambo, na watu wa harusi wananipigia simu kila saa."

Dorika alimwambia arudi kesho. Usiku ule akachukua kisahani kingine, na kwa sababu alilelewa kwao, ambapo mwanamke anahesabiwa kwa sufuria zake, alikisugua. Majivu, kisha waya wa sufuria, kisha majivu tena. Kesho yake Oluoch alikichukua, Dorika na Shivachi wakafuatana naye hadi karakana, akakikata, akakifunga kwenye mashine, akabonyeza. Ukatoka moshi.

"Mathee! Umeisugua?"

"Kwani nikuletee chafu?"

"Ilikuwa inang'aa!"

"Sasa inang'aa zaidi."

"Umeikwaruza kama sufuria ya githeri! Mwanga umekwama hapo, umeitoboa!"

Walirudi Mashimoni, na njia nzima Dorika alimwuliza Shivachi kitu kinasafishwaje bila kusuguliwa.

Hapo ndipo alipoanza kuwa fundi. Cha kujifunza kilikuwa kimoja, nacho kilimtesa: kutogusa. Uso wa kile kisahani haufutwi kwa leso, haupulizwi kwa mdomo, hauguswi kwa kidole, maana mafuta ya kidole yakikaa hapo mwanga unayachoma na kioo kinakufa. Alikuwa anakitoa kwa kushika ukingo tu. Anakibana katikati ya vipande viwili vya mbao, anakata duara ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini kwa keekee, analainisha ukingo kwa tupa, anafunika uso kwa karatasi safi. Kwanza alikigonga kwa ukucha na kusikiliza, kwa maana vingine ni vya bati na vingine ni vya gilasi, na cha gilasi kikiguswa na ncha ya keekee kinavunjika kuwa vumbi. Kule Kawangware aliwakuta vijana wa vyuma chakavu wakivipondaponda kwa nyundo, akawapigia kelele. "Wacheni! Mnaua macho ya mashine!" Walimcheka. Baadaye walikuwa wanamwekea kando.

Kutoka Satellite hadi Kawangware, mashine nyingi zilikuwa zinafanya kazi kwa vioo vya Dorika. Vikombe vya zawadi za makanisa, majina ya juu ya keki, saa za ukutani, vibao vya milango. Wengine wenu mna vitu hivyo nyumbani. Hamkuuliza vimekatwaje.

Agosti 2023 ugali ulianza kumkwama kooni. Aliusukuma kwa chai. Zahanati ilimpa dawa ya asidi, ikamwongeza, ikamwongeza tena. Aprili 2024 walikwenda hospitali kubwa. Wakaambiwa mashine ya kutazama koo imeharibika, warudi mwezi ujao. Wakarudi. Bado. Wakarudi tena. Muuguzi akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mama, mashine bado ni mbovu." Dorika, ambaye wakati huo alikuwa anameza uji tu, na kwa shida, akamjibu, "Ikiwashinda msiitupe. Niiteni nije niichukue." Benchi zima likacheka. Shivachi hakucheka. Mpaka leo hajacheka.

Oktoba alitazamwa koo hospitali nyingine. Saratani ya koo, na ilikuwa imeenea. Daktari akasema ingeonekana mapema ingetibika. Shivachi akamwuliza, mapema lini, maana sisi tulikuwa hapo nje kwenye benchi. Daktari akatazama kalamu yake.

Dorika alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, asubuhi, nyumbani Mashimoni, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Valentine. Wiki mbili kabla alikuwa bado anagonga visahani kwa ukucha kitandani na kumwambia Elvis, "Hiki ndiyo. Hiki tupa."

Kwenye matanga, Mashimoni, Vincent alimvuta Shivachi kando.

"Kaka, hii mambo ya kompyuta tuiache nje. Nyumbani watasema aliokota takataka Nairobi mpaka ikamuua."

"Nani amekuambia ilimuua?"

"Watu wanasema ni sumu ya hizo vitu."

"Watu gani? Ulikuja kumwona mara ngapi akiumwa?"

"Kaka, mimi nalinda heshima yake."

"Heshima yake ama yako?"

Basi isikike hapa, mbele ya jeneza, kwa sauti: takataka hazikumuua Dorika. Daktari alisema ni koo, na koo lilingoja mashine. Aliyeitupa kompyuta ndiye aliyeona takataka. Dorika aliona kioo. Na yeyote atakayerudia hayo maneno ya sumu kwenye boma hili, chakula cha leo asile.

Kamati ilitaka kununua msalaba mjini, uandikwe "Mama Mpendwa". Shivachi alitoka Mashimoni kwa miguu hadi Satellite, kwa Oluoch. Oluoch alifunga karakana, akawafukuza wateja, akaweka kipande cha mbao ya mvule ndani ya mashine. Hakuuliza bei na hakutajiwa. Mwanga ulipita kioo cha kwanza, cha pili, cha tatu, vyote vitatu vya mkono wa Dorika, ukachora jina lake. Chini ya jina, Shivachi alisema yaandikwe maneno matatu. Asiyesoma, kama Shivachi, asomewe na mwenzake: *Fundi wa vioo.* Msalaba ndio huu. Msiupanguse kwa leso.

Dorika ameacha mumewe Zakaria Shivachi, watoto wake Valentine na Elvis, wajukuu, kaka zake wawili, wadogo zake, mzee Murjan, ambaye baraza lake limebaki tupu, na Oluoch, aliyemwita mathee akimaanisha mama.

Alale kwa amani. Kazi yake imetajwa.