Degory Hext, Aliyekamatwa na Shemeji Yake

Ndugu na majirani, kabla hatujatoka hapa nyumbani kwenda kanisani, familia imeniomba mimi Wilmot, dada yake, nisome habari za maisha ya kaka yangu. Mkisikia pa kucheka, chekeni. Yeye angewatangulia.

Marehemu Degory Hext alizaliwa hapa Dartmouth tarehe 3 Machi 1549, mtoto wa tatu wa mzee Walter Hext, fundi wa mapipa, na mama Emmot.

Alisoma Kilatini kidogo kwa kasisi wa parokia. Alipotimiza miaka kumi na minne baba alimpeleka Portugalete, mto wa Bilbao unapoingia baharini, akajifunze Kihispania na biashara kwa tajiri mmoja wa chuma. Baada ya miezi sita tajiri alimpeleka kwa ofisa wa forodha, aonyeshe alichojifunza. Degory akahutubia, mkono kiunoni. Ofisa alimsikiliza mpaka mwisho, akamgeukia tajiri: "Huyu amesomea jikoni kwako?" Kumbe siku zote hizo alikuwa akishinda na wapishi, na wapishi walisema Kibaski, lugha ya wenyeji wa pwani ile. Kihispania chenyewe hakujua hata salamu. Ilibidi aanze upya.

Kazi yake ilikuwa kupeleka kule sufu ya Devon na samaki aina ya chewa waliokaushwa, na kurudi na chuma na malimau. Ugomvi wa wakubwa ulimkuta mapema. Mwishoni mwa mwaka 1568 meli zilizobeba mishahara ya askari wa Mfalme wa Uhispania walioko Flandria, nchi aliyoitawala ng'ambo ya bahari, zilikimbilia bandari zetu, zikiogopa maharamia. Malkia wetu akazizuia fedha zile. Mfalme akajibu kwa kuzuia mali za Waingereza popote alipoweza kuzifikia. Sufu ya Degory ilifungiwa ghalani zaidi ya miaka minne. Ilipofunguliwa, alisema, panya wa Bilbao walikuwa wamevaa vizuri kuliko yeye.

Tarehe 12 Juni 1575 alifunga ndoa huko Portugalete na Osana, dada wa Martín Ochoa, mkuu wa walinzi wa bandari. Siku ya posa Martín alimkazia macho.

"Wewe ni mzushi wa dini?"

"Mimi ni muuza samaki."

"Samaki gani?"

"Chewa mkavu, mnene."

"Basi habari za dini tutazungumza baada ya kula."

Osana alikuja kuishi nasi hapa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Marina na Walter.

Miaka iliyofuata wakubwa hawa hawakupigana, walichokozana tu. Manahodha wetu walipora meli za Mfalme kule Amerika, wakirudi nyumbani wanashangiliwa. Balozi wa Mfalme naye alinaswa katika njama za kumng'oa Malkia, akafukuzwa London mwaka 1584. Waasi wa Flandria waliomba msaada, na Malkia akaanza kuwasikiliza. Degory aliyasikia malalamiko hayo kwa lugha tatu. Alituambia ni yale yale, ila majina ya wezi yalibadilika.

Mwaka 1585 mavuno yalikuwa mabaya Uhispania. Mfalme akaalika meli zetu zipeleke ngano, akaahidi zitakuwa salama. Degory alikwenda. Mwishoni mwa Mei, ngano ikiwa bado melini, Martín alipanda na watu sita na kapu la mikate.

"Karibu shemeji! Mikate yote hiyo ya nini?"

"Ya njiani. Degory, nimekuja kukukamata."

"Kwa kosa gani?"

"Wewe ni Mwingereza."

"Hata siku ya harusi nilikuwa Mwingereza!"

"Siku ile sikuwa na barua ya Mfalme. Twende, ndugu yangu, usinifanye nilie mbele ya hawa."

Meli zetu zote zilizokuwa kule zilikamatwa kwa amri hiyo, isipokuwa chache zilizotoroka. Gereza lilijaa, hivyo Martín alimfungia shemeji yake na mabaharia wake saba darini kwake. Wakaguzi walipokuja aliwavisha minyororo. Walipoondoka, mama mkwe aliwaita chini mezani. Lakini ilipofika Januari ililetwa amri nyingine: Waingereza wote wenye nguvu wapelekwe kupiga makasia kwenye meli za Mfalme. Waliopelekwa huko hawakurudi wengi. Martín alijibu kwamba wanane wake wana homa mbaya, akatuma barua kwa dada yake kwa siri: "Osana, homa hii siwezi kuikuza zaidi ya miezi mitatu."

Hapa Dartmouth, Malkia alikuwa ameshawapa watu wetu ruhusa ya kukamata meli za Wahispania kulipiza. Nahodha mmoja alikuwa amerudi na wavuvi wa Kibaski aliowateka Newfoundland, kule Amerika. Wifi yangu, aliyekuwa akitupiwa matope mlangoni kwa sababu ya alikozaliwa, alivaa gauni lake la harusi akaenda kwa nahodha huyo. Mimi nilikuwepo.

"Nipe wanane," alisema.

"Wewe mama, nikupe wavuvi wangu kwa nini?"

"Kaka yangu ana wanane wako. Mmoja ni mwana wa dada yako. Au umemsahau?"

Nahodha alikaa chini. Aprili 1586 wanane walibadilishwa kwa wanane huko Saint-Jean-de-Luz, upande wa Wafaransa. Degory alishuka hapa gatini amenenepa. Osana alimzunguka mara mbili. "Mfungwa gani huyu? Mimi ndiye niliyekonda!"

Vita ilikuwa imeshaanza, na mwaka 1588 tuliliona lile kundi kubwa la meli za Mfalme likipita kuja kutuvamia. Tangu hapo mpaka amani ya Agosti 1604, Degory hakuuza samaki tena. Aliwatafsiria mateka waliofungiwa ghalani hapa Devon, akaandikiana na Martín. Barua zilianza "Mzushi wangu mpendwa," na majibu "Mlinzi wangu mnene." Kwa barua hizo walirudisha makwao wanaume mia moja na nne wa pande zote mbili. Matope mlangoni yaliisha mwana wa jirani yetu aliporudi.

Msimu wa baridi wa mwaka 1610 miguu yake ilianza kuvimba, na kifua kikabana. Hakulalamika, ila kuhusu uji. Asubuhi ya tarehe 9 Septemba 1611 Osana alimuuliza anataka asaliwe kwa lugha gani. Akasema, "Ile ya jikoni." Akasaliwa kwa Kibaski, akafumba macho kabla ya amina.

Marehemu ameacha mjane, Osana, binti yake Marina na mumewe Jago, mwana wake Walter, wajukuu watano, mimi dada yake, na shemeji yake Martín Ochoa, ambaye ameshuka melini juzi akidhani amekuja kumwona mgonjwa. Martín hajui Kiingereza. Tafadhali msogeleeni, mshikeni mkono.

Mungu aliyemrudisha nyumbani mara ya kwanza amfikishe salama na sasa, apumzike kwa utulivu wote. Amina.