Madaftari ya Mwalimu Watiri na Filamu ya Dawa ya Kahawa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Mkurugenzi wa Filamu uliyetoka Nairobi, wazee wa kanisa, akina mama, wenzangu wa gari la sinema: nawasalimu nyote, hata mliokosa viti.

Mmenisifu kwa miaka kumi na tisa ya kuzungusha sinema kutoka Kianyaga mpaka Mwea. Sifa nimezisikia, lakini nina hasira, na sitastaafu nayo tumboni.

Mwaka wa sabini na moja, sokoni Gakindu, filamu ya kupiga kahawa dawa ilikataa kutoa sauti. Watu mia tatu wameketi nyasini. Ningefanya nini? Nilishika kipaza sauti nikawasomea riwaya aliyoniazima Mwalimu Magdaline Watiri, madaftari matano ya mkono wake: habari za Ngendo, msichana anayeruka mpaka kwenye nyota kutafuta barafu, kwa sababu ile ya Mlima Kenya imeisha na mito imekauka. Wale wapiga dawa kwenye kitambaa cheupe, nyuso zimefunikwa, mitungi mgongoni, wakawa wasafiri wa angani. Nilirudia filamu mara tatu na hakuna aliyeondoka! Mzee Kahiga, ambaye hulala kabla dawa haijachanganywa, alinishika koti: "Wewe, ati unafunga gari? Huyo msichana alipata hiyo barafu ama hakupata?"

Mimi nikapata barua ya onyo kwa kuacha somo la dawa. Mwalimu naye akapeleka madaftari Nairobi yafanywe filamu, akajibiwa kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuelewa mambo ya nyota. Aandike kuhusu usafi wa choo. Choo! Mwananchi huyo aliulizwa lini? Sisi tunaolima kwa mvua tutashindwaje kuelewa mto uliokauka?

Bwana Mkurugenzi, sahihi iliyo chini ya jibu hilo ni yako. Mwalimu aliyafunga madaftari kwa uzi mwekundu wa kushonea, na yalirudi na fundo lake lile lile. Hukusoma hata neno. Mwalimu ameketi pale nyuma, na juzi aliniambia hataandika tena. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko ile barua yangu.

Basi saa hii ya ukutani mliyoninunulia, mpeni mwingine. Zawadi ninayoitaka ni moja. Madaftari haya hapa, Bwana Mkurugenzi, na kipaza sauti ni hiki. Fungua uzi, utusomee ukurasa wa kwanza.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa nyamazeni, tumsikilize Mwalimu Watiri.