Mama Amekataa Kuzikwa kwa Ngoma

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu na vijana, amani iwe kwenu. Mwinjilisti amenipa nafasi hii kwa sharti moja, nisipulize tarumbeta humu ndani, kwa sababu bati la kanisa letu likianza kuitikia hakuna atakayesikia tena neno. Nimekubali, nitaongea tu. Mkiniona nakasirika katikati, mnivumilie, maana jambo hili mpaka leo likinijia linanikera.

Wengi mnanijua. Tarumbeta la kwanza katika kikundi cha mtaa huu nimelipuliza tangu sijaoa. Harusi zenu nimezipuliza, na wazazi wenu nimewasindikiza kaburini. Halafu siku moja tulikuwa msituni Magamba, tunateremsha magogo ya misonobari kwenye mteremko uliolowa. Gogo moja likagoma. Nikaliingizia mtaimbo, nikaegemea kwa nguvu, gogo likajigeuza ghafla na mtaimbo ukarudi mdomoni mwangu. Meno matatu ya mbele ya juu yakaishia pale kwenye majani. Hospitali walinishona mdomo vizuri, siwalaumu. Wakaniambia kidonda kikipona nitafute meno ya bandia.

Kidonda kikapona, nikashika tarumbeta. Ndugu zangu, ulitoka upepo mtupu. Tarumbeta halipulizwi kwa mashavu kama mnavyodhani. Mdomo wa juu lazima uegemee meno ndipo utetemeke na kutoa sauti. Meno yasipokuwepo, mdomo unaingia ndani na sauti haipo. Nilijaribu wiki nzima nyuma ya zizi, ng'ombe wakinitazama, nikaishia kulirudisha kwenye mfuko wake.

Nikashuka Mombo kwa fundi wa meno niliyeelekezwa na watu wa stendi. Akanitengenezea meno ya kuvaa na kuvua, yaliyoshikwa na kibao cha plastiki kinachobana juu ya kaakaa. Kwenye kioo chake yalipendeza, nikarudi mlimani natabasamu njia nzima. Jumamosi iliyofuata tulikuwa na harusi. Maharusi wanatoka kanisani, watu wamejipanga. Nikavuta pumzi, nikapuliza nota ya kwanza, na meno yakachomoka, yakagonga tarumbeta, yakaanguka kwenye vumbi miguuni pa bibi harusi. Mpambe wake akapiga kelele akidhani ni mdudu. Mliokuwepo mlicheka, na wengine mnacheka sasa hivi, nawaona. Chekeni tu. Mimi siku ile nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya hapo kiongozi wa kikundi, kwa upendo kabisa, akanipa ngoma kubwa. Sina ugomvi na ngoma. Ila mtu aliyezoea kuongoza wimbo ukimweka nyuma apige du, du, du, mwaka mzima, mjue kuna kitu kinachemka ndani yake.

Kilichonichosha zaidi kilikuwa ushauri. Kila mtu alikuwa nao. Magego si unayo? Ugali si unakula? Mwanamume mzima unataka urembo wa nini? Hata watu wa bima, nilipowaulizia meno ya kupandikizwa, walinijibu kwamba huo ni urembo. Nilichukia neno hilo. Mtu akivunjika mguu akataka kutembea tena, hamumwambii anatafuta urembo. Mimi nilikuwa nimeacha kusoma somo la Jumapili, kwa sababu kila penye f au v nilirusha mate. Watoto wa shule waliniigiza njiani. Nilizoea kuziba mdomo kwa kiganja kila ninapoongea, mpaka mzee mmoja akanisimamisha na kuniuliza kwa nini siku hizi namnyima shikamoo. Nilikuwa nimempa, ila iliishia kiganjani. Mkisema huo ni urembo, basi na heshima nayo ni urembo.

Kisha baba akafariki.

Kwa wageni mlioko hapa niwaeleze. Katika kikundi chetu, mpuliza tarumbeta akifiwa na mzazi, ubeti wa kwanza kaburini anaupuliza mwenyewe, peke yake. Wenzake wanaingia ubeti wa pili. Ndivyo tulivyokuta na ndivyo tunavyofanya. Mimi nilimzika baba yangu nikiwa nimebeba ngoma. Aliyempulizia alitoka mtaa mwingine, mtu mwema, ambaye hakuwahi hata kumwona baba akiwa hai. Niliipiga ngoma ile kwa hasira mpaka mwenzangu akanishika mkono taratibu.

Jioni, watu walipopungua, mama aliniita jikoni. Alikuwa amekaa karibu na moto, hakunitazama.

"Baba yako amevumilia," akasema. "Mimi usinizike kwa ngoma."

Nawaambia, nilitoka pale nimeamua.

Niliuza ng'ombe na mikaratusi yangu ya kule bondeni, na msiniulize bei, maana maneno ya kuuza mali kwa ajili ya urembo nimeyasikia ya kutosha. Nikaenda Tanga kwenye kliniki ya meno niliyoelekezwa na mwalimu mmoja hapa kwetu. Daktari alikuwa dada mmoja asiye na maneno mengi. Akanipiga picha ya taya, akaitazama, kisha akaniuliza swali ambalo tangu mtaimbo unipige hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Baba, huo mdomo unaufanyia kazi gani?"

Nikamweleza habari ya tarumbeta, nikijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Akasema, "Basi ukija kuwekewa meno, njoo nalo."

Akanielewesha kwamba meno ya kupandikizwa hayakai juu ya ufizi kama yale ya Mombo. Skrubu ndogo za madini ya titani zinaingizwa kwenye mfupa wa taya, mfupa unaota kuzizunguka na kuzishika, ndipo meno yanafungwa juu yake. Mimi nilihitaji skrubu mbili kubeba meno matatu. Si kila mtu anafaa, akasema. Mfupa lazima utoshe, na mwenye sukari au mvuta sigara ana maswali zaidi ya kujibu. Kazi yenyewe ilifanyika kwa ganzi na sikuumia kama nilivyoogopa. Tatizo lilikuwa sharti lake. Mpaka mfupa ushike, miezi kadhaa, nisipulize hata filimbi.

Miezi ile ilinikondesha. Mnajua watu wanavyofariki msimu wa baridi. Mlisikia nimekwenda kuwekewa meno, basi kila msiba ninaombwa, kila msiba ninakataa. Mkasema meno ya Tanga yamenipandisha mabega. Nilikuja kuwaeleza habari za mfupa, mkatazamana. Na katikati ya kungoja huko, mama akaugua homa ya mapafu. Alilala hajitambui. Ndugu zangu, wengine mnaposali kando ya kitanda cha mgonjwa mnaomba uponyaji. Mimi nilimwomba Mungu asimchukue kabla mfupa haujashika, na nilimwomba kwa ukali. Nilikuwa nimechoka kunyimwa. Kama ningemzika kwa ngoma baada ya yote yale, sijui kama ningerudi tena kwenye kanisa hili.

Mama akapona, kwa ubishi wake uleule. Na mimi nikaitwa Tanga.

Nilikwenda na tarumbeta. Daktari akafunga meno ya kujaribia, akaniambia nipulize pale pale kitini. Nikaogopa. Nilikumbuka vumbi, bibi harusi, na kelele za mpambe. Nikapuliza. Sauti ikatoka, nyembamba na imepinda, lakini ilikuwa sauti. Wagonjwa waliokuwa wakingoja nje wakachungulia mlangoni. Daktari akauliza inakwaza wapi, nikamwonyesha, akasaga jino kidogo, nikapuliza tena. Akasaga, nikapuliza. Tuliendelea hivyo mpaka nota ikasimama. Nililia na tarumbeta mikononi, na sioni aibu kuwaambia. Meno ya kudumu aliyatengeneza kwa kipimo kile kile.

Pasaka, tulipokwenda makaburini alfajiri, niliwaomba wenzangu wanyamaze mbele ya kaburi la baba. Nikampulizia ubeti wake wa kwanza, niliokuwa nimemkosesha. Mama alikaa kwenye kigoda amejifunika shuka. Nilipomaliza alifuta macho kwa pindo la shuka, akaomba ashikwe mkono warudi nyumbani.

Sasa nashukuru. Namshukuru daktari yule kwa swali lake. Namshukuru mke wangu aliyenipondea maharage miezi yote bila kuguna, au tuseme aliguna kidogo. Nawashukuru wenzangu wa kikundi. Niliwalaumu sana moyoni kwa habari ya ngoma, kisha nikagundua kwamba muda wote ule nafasi yangu ya mstari wa mbele hamkumpa mtu. Mlipanga mstari na kuacha pengo. Hilo sikuwahi kuwaambia kwamba nililiona.

Na la kuwaachia ni hili. Mtu akipoteza jino la mbele msimwambie ni urembo, hamjui mdomo wake ulikuwa unabeba nini. Na wewe uliyepoteza, usikimbilie fundi wa barabarani kwa sababu kioo chake kinapendeza. Tafuta daktari, umweleze kazi ya mdomo wako, hata asipokuuliza. Nami napiga mswaki asubuhi na usiku na kwenda kukaguliwa, maana sitaki kurudi kwenye du, du, du.

Mama yupo pale benchi la pili. Asubuhi, tukiwa tunakuja, nilimwuliza kama naruhusiwa kuwasimulia habari ya kuzikwa kwake.

"Wasimulie," akasema. "Lakini uwaambie sina haraka."