Mikono Iliyokataa Majivu

Shikamooni, wakubwa zangu. Naona mama mwenyekiti ameshaanza kunicheka. Anajua kwenye kikundi hiki mimi ndiye wa kuuliza "kwa nini" mpaka kikao kinachelewa kufungwa. Leo nimesimama kujieleza.

Mnajua nilijiandikisha kwenye mashindano ya kupika ya runingani. Mchujo wetu ulipangwa Masasi, na kila mtu apike chakula cha kwao. Nikachagua korosho mbichi za nazi kwa ugali wa muhogo. Wiki tatu kabla, nikashuka Lupaso kwa bibi yangu kuchuma korosho changa za kujifunzia.

Bibi akaniletea majivu kwenye kifuu. "Paka mikono kwanza, mke mwenzangu."

"Kwa nini, bibi?"

"Utomvu unaunguza."

"Sasa majivu yanazuiaje?"

"Sijui. Paka."

Ndugu zangu, nawaambia, hilo "sijui" ndilo lililoniponza. Nimetoka chuo kikuu. Jambo lisilo na maelezo silikubali. Nikabangua sinia zima mikono mitupu, tena najisifu. Kesho yake viganja vimevimba, vyeusi, ngozi inachunika kama ganda la kitunguu. Nesi wa zahanati akaniuliza, "Dada, wewe si wa huku?" Swali hilo liliniuma kuliko mikono.

Nikarudi hapa Newala na bandeji mbili. Hata kijiko sishiki. Nikamwomba mdogo wangu aniandikie ujumbe wa kujitoa. Kabla hajautuma, akaingia mama mmoja, yupo hapa, simtaji, na sufuria yake na dumu la maji. Dumu zima! Hapa kwetu maji ni ya shida, mnajua maana yake. Akasema, "Usitume. Wewe sema, sisi tutapika."

Mkaja wanne. Na "kwa nini" zangu mkanilipizia vizuri.

"Wekeni tui jepesi," nasema.

"Kwa nini lisianze zito?"

"Kwa sababu..."

"Chuo kimesemaje?" Mkaangua kicheko mpaka jirani akachungulia.

Jamani, nilikuwa hodari wa kuhoji wengine, lakini mapishi yangu mwenyewe sikuwahi kuyahoji. Tukaanza kujaribu. Tui zito tukaliweka mapema, likakatika, tukala hivyo hivyo. Hadi bandeji zinafunguliwa, nilikuwa na jibu la kila kilichoingia sufuriani, na la majivu ya bibi pia nimelitafuta.

Siku ya mchujo nikapaka majivu mbele ya kamera, nianze kubangua. Jaji akasogea. "Hayo ya nini?"

Nikamwonyesha viganja, madoa bado yapo. "Utomvu wa korosho ni mafuta. Majivu yanaunyonya kabla haujafika kwenye ngozi. Bibi yangu aliniambia, nikabisha."

Akacheka. Baadaye akaonja, akarudia kuonja. Nimepita! Keshokutwa naondoka kwenda Dar es Salaam.

Asanteni mlionipikia, na mlionilisha kama mtoto. Bibi naye nilimpelekea maelezo yote ya mafuta na kunyonya. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe! Miaka yote hii napaka tu." Alifurahi kuliko nilivyofurahi mimi kupita.

Kwa hiyo, wadogo zangu, msiache kuuliza. Mimi siachi, mama mwenyekiti anisamehe. Ila wakati mnasubiri jibu, pakeni majivu.