Profesa Rudia na Maji Yaliyougua

Hili sijamwambia mtu: hakuna aliyeniomba niandike wasifu huu wa kumuaga Shangazi. Nimejipachika mwenyewe, baada ya kumsikia mkuu wa idara yake ya chuo koridoni akimnong'oneza katibu wake: "Weka miaka ya kazi, weka kwamba anapenda maua. Ile habari ya kirusi achana nayo." Shangazi yangu hapendi maua. Yanampigisha chafya.

Basi na iandikwe. Shangazi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, baada ya kufundisha biolojia kwa miaka thelathini na moja. Kazi yake ni kusoma jenomu za virusi, yaani maelezo yote ya kirusi yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, kwa kutumia kompyuta zinazonguruma kama friji bovu. Wanafunzi wanamwita Profesa Rudia. Ukimpelekea matokeo mabaya atakwambia urudie. Ukimpelekea mazuri mno atavua miwani, atakutazama weee, halafu: rudia. Nyumbani ni yale yale. Maziwa huyanusa mara mbili, na nilipoleta A ya hesabu alimpigia mwalimu simu.

Mwaka juzi idara iligundua kirusi kipya. Kilionekana kwenye damu ya kila mgonjwa aliyepimwa. Bango lilishachapishwa, keki ilishaagizwa. Shangazi akaguna: kila mgonjwa, hata mmoja asikose? Akachukua maji safi, akayapitisha njia ile ile ya damu, kemikali zile zile, kompyuta ile ile. Kirusi kikaonekana kwenye maji.

"Sasa Profesa, maji nayo yanaumwa?" mwanafunzi mmoja alimtania.

"Maji hayaumwi, mwanangu. Kemikali zetu ndizo chafu."

Keki ililiwa kimya kimya. Bango sasa linafunika printa isiingie vumbi. Tangu hapo maji hupimwa kwanza, na wagonjwa wale hawakunyweshwa dawa za ugonjwa wasiokuwa nao. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, na ndiyo wanayotaka kuiruka. Siku hizi wanamchekea mno. Nami kama yeye najiuliza, mbona na zawadi ya kumuaga imefungwa kubwa hivyo?

Kusimama ukumbini siwezi, sauti hunikauka kwa lugha zote mbili za shuleni. Kuandika naweza. Nilipanga kuupenyeza ukurasa huu kwa mchapaji wa kijitabu cha sherehe bila Shangazi kujua, maana ataniuliza kila neno nimelitoa wapi.

Hizo ndala zake zinakuja. Siku zote zikikaribia naficha ukurasa chini ya kitabu cha kemia. Leo nauacha mezani, na kalamu yake nyekundu pembeni.

Shangazi, kwa niaba ya wale wasiojua kwamba uliwaepusha na dawa zisizo zao, asante. Kapumzike vizuri, na maziwa uyanuse mara moja tu. Ukiuona ukurasa huu ni mzuri mno, sema. Nitarudia.