Zawadi Katikati ya Masweta Mawili

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, kati ya kibanda cha Fundi Simu na saluni ya Kinyozi. Bawaba zake hazijang'olewa, kwa hiyo anayekaa pembeni huondoka na suruali yenye dirisha. Ukipita hapo saa saba mchana utawakuta walewale: Kinyozi, ambaye humwacha mteja kitini kila akisikia neno tamu, Cheche, mchomeleaji wa mageti, anayeongea kwa kupayuka kwa sababu masikio yake yalishachoshwa na kelele za kazi, na Rubani, ambaye hajawahi kurusha ndege hata ya karatasi, ila alipakia mizigo uwanja wa ndege miaka miwili, jina likamganda. Dada Birika huwamiminia kahawa na kuwasuta kwa zamu. Siku hiyo Fundi Simu alikuwa na furaha ya kukera. Mama mkwe wake, ambaye kwa miaka sita alikuwa akimwita "yule fundi", alikuwa anapanda ndege saa kumi kwenda kumwona mjukuu, na Fundi alikuwa amempa zawadi.

— Pawabenki! Nimemtengenezea kwa mikono yangu hii. Seli sita kutoka kwenye kompyuta mbovu, nimeziunga, nimezizungushia utepe mweusi, nimezitia kwenye kiboksi cha sabuni. Juu nimeandika KWA MAMA, herufi kubwa. Simu yake haizimiki mpaka huyo mjukuu aanze shule.

— Umempa mkononi? aliuliza Rubani.

— Mkononi ya nini? Jana nimeipanga mwenyewe kwenye sanduku kubwa, katikati ya masweta mawili. Isipate baridi huko juu.

Rubani akaweka kikombe chini. Wote wakamtazama, maana Rubani si mtu wa kuweka kikombe chini kabla hakijaisha.

— Fundi, alisema, betri ya akiba haipakiwi kwenye sanduku la mzigo. Marufuku kabisa. Inakaa na mwenyewe, kule wanakokaa abiria.

— Kisa?

— Kisa moto. Zile betri zikikorofika ndani zinapata joto, joto linazaa moto, na seli moja ikiwaka inamwasha na jirani. Za viwandani zenyewe zinaogopwa. Sembuse zako za kiboksi cha sabuni.

— We Rubani hujui kitu! alipayuka Cheche. Kama zinawaka, mbona waziweke na watu? Kitu cha kuwaka si unakipeleka mbali?

— Mimi najua, alisema Kinyozi, akitoka saluni na kitana mkononi. Huko juu baridi kali. Wanataka abiria wawe na kitu cha kuota.

— Kinyozi, rudi ukamalize kichwa cha mtu, alisema Dada Birika.

Nyuma yake mteja alikuwa amesimama mlangoni, shuka shingoni, nywele zimenyolewa upande wa kulia tu. Lakini naye alikuwa ametega sikio.

— Sikilizeni, alisema Rubani. Kule juu kuna macho. Moshi ukifuka tu, mtu anapiga kelele, wahudumu wanakuja na maji, wanaimwagia mpaka ipoe. Kule tumboni mwa ndege kuna masanduku tu. Sanduku halipigi kelele.

Maneno hayo yalimwingia Fundi barabara. Akaliona sanduku lile gizani, na kiboksi cha sabuni kikijifukiza taratibu kwenye sufu. Furaha yote ikamwisha. Akatoa simu, akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

— Amezima, alisema kwa sauti ndogo. Huwa anaizima ili chaji isiishe.

— Na ana pawabenki, alinong'ona Kinyozi.

— Tulia, kaka, alisema Cheche, akimpiga begani kwa kiganja kizito. Hewa ya huko juu nyepesi. Betri haiungui, inavimba tu kama puto. Seli sita zikivimba pamoja, ndege inakuwa nyepesi, inafika kabla ya saa.

— Inafika wapi?

— Mbele.

— Hapana, hapana, alidakia Kinyozi. Tatizo ni upweke. Betri haitaki kufungiwa peke yake. Mashine yangu ya kunyolea nikiilaza kabatini, asubuhi naikuta ina hasira, inachoma mkono.

— Ina hasira kwa sababu betri yake aliitengeneza Fundi, alisema Dada Birika.

Kinyozi akaamua kutolifikiria hilo.

— Na yale masweta! Cheche alikuwa ameshapata moto wake mwenyewe. Sufu ina umeme, hamjawahi kuvua sweta mkasikia tatata? Sasa hesabu: sufu, betri, sufu. Fundi, wewe hujampa mama mkwe zawadi. Umemtengenezea pasi!

— Basi tupige simu uwanja wa ndege! alisema Fundi, amesimama.

— Utasema nini? aliuliza Rubani. Hebu jaribu, mimi ndiye uwanja wa ndege. Halo?

— Halo. Samahani, kuna kitu nimekiweka kwenye sanduku, kinaweza kuwaka ndani ya ndege...

— Umeshalala ndani. Kata.

— Aanze kwa upole, alishauri Kinyozi. Aseme: halo, mimi ni mkwe.

— Mkwe aliyeweka kitu kwenye sanduku la mama mkwe! alisema Rubani. Hapo ndipo watakuja na gari mbili za polisi.

Fundi akakaa. Miaka sita amekuwa akitafuta jambo moja tu la kumfanya mama yule amwone mtu wa maana, na alipolipata, alilifunga katikati ya masweta. Akaona aibu, akaona na hofu, na hofu ilikuwa kubwa zaidi.

Teksi ikafunga breki mbele ya benchi.

Mlango ukafunguka, akatoka mama mtu mzima, amevaa vazi la safari, mkoba ameushika mbali na mwili kwa vidole viwili. Wanaume wote wakasimama kwa pamoja, na suruali ya Cheche ikasalimu bawaba.

— Shikamoo mama!

— Marahaba. Sina muda, ndege hainisubiri. Fundi, hiki kitu chako kinazimwa wapi?

Akatoa kiboksi cha sabuni, amekishika kwa leso. Utepe ulishaanza kunuka.

Fundi alikitazama. Benchi zima likamtazama Fundi. Alikuwa amefikiria baridi, amefikiria kiboksi, amefikiria ukubwa wa herufi. Swichi hakuifikiria. Akamtazama Rubani, Rubani akatazama matofali.

Kiboksi kikasema ssss.

— Maji! alipiga kelele Rubani, na ndiyo kelele ileile aliyotoka kuisimulia.

Dada Birika hakungoja nadharia. Alikipokea na leso yake, akakitosa kwenye beseni la kuoshea vikombe. Kikachemka, kikafuka moshi mweupe, na wataalamu wote wakakimbilia nyuma ya mteja wa saluni. Dada akakimiminia maji ya ndoo, na ndoo ilipoisha akainamisha na birika, kahawa yote. Kiboksi kikakohoa mara mbili, kikatulia.

— Mama, nisamehe, alisema Fundi. Lakini mimi niliiweka kwenye sanduku.

— Niliitoa.

— Nani alikwambia ni marufuku?

— Marufuku gani tena? Mtu ameniandikia KWA MAMA, halafu nikaiweke na viatu? Nimeipakata tangu nyumbani. Nimewaonyesha majirani, nimemwonyesha na huyu dereva. Ndipo nikasikia paja linaungua.

Dereva akatikisa kichwa dirishani kuthibitisha.

Fundi alitaka kucheka, akashindwa, akafuta macho kwa kitambaa cha kusafishia vioo vya simu.

Mama mkwe akaingia garini, akashusha kioo.

— Nikirudi nikute umenitengenezea kingine. Chenye swichi, mwanangu.

Teksi ikaondoka.

— Kasema mwanangu? aliuliza Fundi.

— Kasema, alisema Rubani.

— Kasema na swichi, alisema Cheche, mkono mmoja umeziba suruali kwa nyuma.

Kinyozi aliingia saluni polepole, akatoka na mashine yake ya kunyolea, ameining'iniza kwa ncha za vidole kama panya. Akaitumbukiza kwenye beseni. Chubwi.

Mteja akashika kichwa chake, upande wenye nywele.

— Na huu?

Cheche akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Fundi. Fundi alikuwa bado anatazama vumbi la teksi, anatabasamu peke yake. Wote wakanyoosha vikombe, kama wafanyavyo jambo likiwa zito, na Dada Birika akaipindua birika mbele yao. Hakikudondoka hata kitone.