Verla Dusatko: Nipe na ya Kurudi

Wasikilizaji wapendwa, salamu kwenu mlioko jikoni, ghalani na nyuma ya usukani. Leo tunamkumbuka Verla Dusatko wa hapa Sidney, Nebraska. Verla dereva wa lori. Verla aliyetutoka wiki iliyopita, wiki ya theluji ya kwanza. Na kama mlimjua, najua mnachowaza. Mnawaza kwamba yeye mwenyewe angeuliza: nani kasema?

Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa na roho mbaya, alikuwa haamini tu. Akinunua tikiti maji alilipima tena nyumbani. Daktari akimwambia presha imeshuka, alimtolea mkono wa pili, haya, pima na huu. Binti yake, Twyla, aliniambia: "Nilipomleta mchumba wangu, Mama hakumuuliza kazi wala dini. Alimuuliza lori la baba yake linakula mafuta kiasi gani. Akasema hajui. Mama akaniambia, huyu olewa naye, angalau si mwongo."

Maana hilo ndilo lilikuwa jambo lake, wasikilizaji wapendwa. Mafuta. Lori kubwa, na tela lake, na mzigo wake: kwa galoni moja linakwenda maili ngapi? La Verla lilikwenda maili sita. Sita, na siku ya upepo wa mbele, tano. Aliyasema hayo bila haya. Wenzake pale mkahawani kwa Doreen walisema nane. Walisema tisa. Kahawa ikiongezwa, na maili nazo zinaongezeka.

Verla alikuwa na jibu lile lile kwa wote: "Hiyo ni ya kwenda. Nipe na ya kurudi."

Sisi wa huku tunajua alichosema. Kutoka Sidney hadi Omaha barabara inateremka polepole njia nzima, hata jicho halioni. Na upepo wa magharibi uko mgongoni unakusukuma. Hata jokofu ukiliwekea magurudumu litafika Omaha. Basi dereva anajaza tangi huku, anajaza tena kule, anapiga hesabu, anajiona fundi. Kurudi anapanda, upepo umemkaba usoni, na hesabu haipigi. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na sote tumevuta.

Sasa aje mdogo wake, Rollie Dusatko, naye dereva wa lori. Mwaka mmoja kwenye maonyesho ya kilimo alikuja muuzaji na lori jipya, pua mviringo, tela limezibwa vibao pembeni ili upepo usipenye chini. Muuzaji akasema lori hili linakwenda maili kumi kwa galoni. Kumi, na mzigo juu. Verla akalizunguka. Akapiga gurudumu teke.

"Umetoka nalo wapi?"

"Rawlins, mama, kule juu magharibi."

"Upepo ulikuwa unatoka upande gani?"

"Sikuangalia."

Verla akawageukia waliosimama. "Mtu katoka Rawlins hajui upepo ulitoka wapi. Huyu naye kaletwa ndani ya tela."

Watu walicheka. Rollie hakucheka. Rollie alilinunua lile lori.

Mwezi haukwisha, akaingia kwa Doreen na kutangaza maili kumi na moja. Verla akaweka kijiko chini. "Tutakwenda wote," alisema. "Uende na mzigo, urudi na mzigo. Ukirudi mtupu haihesabiki."

Wakaenda Omaha, dada na mdogo wake, na maharage ya kwenda na mbolea ya kurudi. Kwenda ilikuwa kumi na moja kweli. Kwenda na kurudi, ukijumlisha, ikawa saba na nusu. Verla akaitangaza mbele ya watu wote, huku anatafuna kolachi, andazi lenye plamu. "Saba na nusu. Mdogo wangu kauziwa mbuzi kwenye gunia, sasa anataka kutuuzia na gunia."

Rollie alichukua kofia yake akatoka. Baada ya hapo hawakusemezana miaka. Miaka, wasikilizaji wapendwa. Kanisani huyu benchi la mbele, yule la nyuma. Sikukuu ikifika, kila mtu na bata mzinga wake. Twyla anasema, "Mama alikuwa sahihi. Ila haikuwa lazima aseme huku anatafuna." Nami nakubaliana naye.

Vuli hii Verla aliugua mapafu. Akawa anatembea na mtungi wa hewa. Siku moja Rollie akagonga mlango wake.

"Dada, ni tisa. Kwenda na kurudi, na mzigo."

"Nani alishuhudia?"

"Hakuna."

"Basi haipo."

"Ndiyo maana nimekuja. Panda twende."

Twyla alikataa katakata. Lakini nani hapa aliwahi kumkatalia Verla akakubali? Na Rollie alikuwa anataka kitu kimoja tu: dada yake amwamini, wakati bado yupo wa kumwamini.

Pale kituo cha mafuta hata hawajaondoka, ugomvi. "Hapa pana mwinamo," Verla alisema. "Tangi litaonekana limejaa kabla halijajaa. Geuza." Rollie akageuza. Dada akamulika tochi mpaka akayaona mafuta shingoni mwa tangi kwa macho yake.

Wakaondoka, mwendo wa taratibu mno. Mpaka malori ya viazi sukari yaliwapita. "Wanatucheka hao," Verla alisema. "Waache, dada. Wanawahi pampu." Huo ndio mwendo aliojifunza Rollie miaka ile ya kununiana. Kila asubuhi alipima upepo wa matairi. Akilala njiani alizima injini na kujifunika mablanketi, badala ya kuiacha ingurume usiku kucha kwa ajili ya joto.

Njia yote ya kurudi Verla hakufumba jicho. Alihofia akisinzia ataibiwa maili. Wakarudi pampu ile ile, lori limeelekea upande ule ule. Mafuta yakafika shingoni. Verla akapiga hesabu kichwani, akairudia.

"Nane na nusu. Ulisema tisa."

"Upepo ulikuwa mkali, dada."

"Najua. Nilikuwepo." Akavuta hewa ya mtungi kwanza. "Nane na nusu ya kweli, Rollie. Nimekuamini."

Rollie anasema hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa dada yake. Mimi nami, kwa mazoea ya mji huu, nilimuuliza mhudumu wa pampu. Kasema alilisikia.

Kwa hiyo lori kubwa linaweza kubana mafuta? Linaweza, wasikilizaji wapendwa. Ila si kwa haraka, si kwa uvivu, na si kwa maneno ya muuzaji. Pole sana Twyla. Pole sana Rollie. Poleni nyote mliokunywa naye kahawa kwa Doreen. Na wewe uliyenuna na nduguyo kwa sababu ulikuwa sahihi, jiulize leo usahihi huo umekufikisha wapi.

Jumamosi tulimzika. Rollie alimbeba dada yake kwenye lori lile lile, mwendo ule ule, na madereva wote nyuma yake, hakuna aliyemwomba njia. Baada ya makaburi nilimkuta kwa Doreen, kofia mezani. Nikamtania kidogo, nikamuuliza leo lori limekwenda maili ngapi kwa galoni.

"Leo haihesabiki," Rollie alisema. "Nimerudi mtupu."